Mpiga Ngoma Hakuiona Miguu

Jumapili usiku, saa tatu na nusu. Miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, nje Mufindi imefunikwa na ukungu wa Juni, na masikioni bado nasikia njuga. Tumerudi leo saa kumi jioni kutoka Iringa mjini: wanafunzi 22, walimu 2, ngoma 3, na ndoo moja ya plastiki ambayo si yetu. Ndoo hiyo nitaieleza.

Naandika kabla sijalala kwa sababu kesho haya yote yatageuka ripoti. Nitaandika kwamba tulishiriki tamasha la sanaa za shule, tukashika nafasi ya pili kwenye ngonjera na ya sita kwenye ngoma, watoto wote wamerudi salama. Kila neno litakuwa la kweli, na mkuu wa shule ataridhika. Lakini nilichokiona Ijumaa usiku hakina nafasi kwenye fomu ile, nami sitaki kipotee.

Maandalizi tuliyaanza katikati ya Aprili, mvua zikiwa bado hazijakatika. Shule yetu ni ya kata, haina ukumbi. Mazoezi tuliyafanya chini ya mipaini nyuma ya maabara, saa tisa na nusu hadi kumi na moja, maana wengi wao wanatembea saa nzima kufika nyumbani. Mchango ulikuwa shilingi 15,000 kwa mwanafunzi. Watatu hawakuzipata, walimu tukachangishana. Binti mmoja baba yake alikataa katakata, akasema huu ni wakati wa kuvuna mahindi. Huyo ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wote. Asubuhi ya safari alikuja kutusindikiza mpaka mlangoni mwa kosta, akainama kumfunga mwenzake njuga alizozitengeneza mwenyewe kwa vizibo vya soda, akazitikisa kidogo kusikia kama zinalia sawa, kisha akarudi zake shambani. Sikupata neno la kumwambia. Mpaka sasa sijalipata.

Ngonjera yetu ilimhusu Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Hapa kwetu mtoto anakua analisikia jina hilo, kwa hiyo nilidhani itakuwa kazi nyepesi. Ngonjera naipenda kuliko kipindi chochote ninachofundisha. Marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, ndiye aliyeipa sura tunayoijua katika miaka ya 1960, na UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, kikaitumia kuwafikishia watu Azimio la Arusha. Pande mbili zinabishana kwa beti, huyu anauliza na yule anajibu, na mwishoni aliyekosea anakubali. Ndivyo ilivyo kwenye vitabu na ndivyo ninavyoifundisha.

Upande wa kwanza uliongozwa na mvulana wa kidato cha tatu, mrefu, sauti yake imeanza kuwa nzito mwaka huu. Yeye alikuwa na vita vya Lugalo: tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake wanavamiwa njiani, Wajerumani wanapigwa kipigo ambacho hawakukitegemea. Alizikariri tarehe zote. Alijua kwamba Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kwamba fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Beti zake zilikuwa za moto.

Upande wa pili niliupanga uwe wa "mwenye shaka", yule atakayeelimishwa. Nikampa binti wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, mtaratibu. Wiki mbili alizisoma beti nilizomwandikia bila tatizo. Siku moja mwezi wa tano, mazoezi yamekwisha, wenzake wanakusanya madaftari, akabaki amesimama.

"Madamu, na wale waliokuwa vijijini?"

Nikamuuliza wapi.

Akasema bibi yake amemsimulia, naye alisimuliwa na bibi yake, kwamba baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka mwaka 1894 vita haikuisha. Mkwawa aliingia porini, Wajerumani wakawa wanamtafuta kwa kuchoma nyumba na vyakula vya watu ili asipate wa kumlisha. Wanawake walihama na watoto mgongoni, wakakaa msituni wakila mizizi. "Sasa kwenye ngonjera yetu hao hawapo. Tuna yeye na Wajerumani tu."

Nilimwambia aandike. Akaandika beti nne, nikazisahihisha mizani kidogo sana, tukaziweka. Ngonjera ikabadilika kabisa. Mvulana akaanza kupata shida ya kujibu, na mazoezi yakawa na uhai ambao haukuwepo. Lakini mwishoni nilibakiza ubeti wangu wa kukubaliana, ule unaosemwa na pande zote kwa pamoja, kwa sababu kwenye karatasi ya majaji "ujumbe" una alama 20 kati ya 100, na ujumbe usiofungwa unakatwa alama. Ulianza hivi: *Sote sasa twakubali, ubishi tumeuzima.*

Binti akausoma kimya. Akasema, "Madamu, mimi sijakubali."

Nikamwambia ni sanaa tu, mwanangu. Sentensi hiyo nimeibeba siku zote tatu za safari.

Kutoka Mafinga hadi Iringa ni kama kilomita 80, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuufika mji wao wa mkoa. Waliimba mpaka Ifunda, wakachoka, wakalala. Tulipofika Ipogolo na kosta ikaacha barabara kuu kuanza kupanda mlima, mmoja akawaamsha wote: mji uko juu! Wakabanana upande wa kulia hadi dereva akapiga kelele.

Sasa ngoma. Tulizifunga juu ya keria, zimefunikwa turubai, lakini ukungu wa Mufindi hauna turubai. Asubuhi ya Ijumaa, saa mbili, mpiga ngoma wetu mkuu akaigusa ile kubwa, ikajibu kwa sauti ya kuzama. Ngozi ilikuwa imenyonya unyevu ikalegea. Zamu yetu ilikuwa saa tano. Uwanjani ilikatazwa kuwasha moto wowote, na ni haki, kulikuwa na nyaya za spika kila mahali. Tukazunguka hadi nyuma ya jiko la shule iliyotupokea.

"Kamwene, mama," mpiga ngoma akamwamkia mpishi, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapepeta maharage.

"Kamwene, mwanangu. Mmeleta wagonjwa?"

Aliziangalia ngoma tu, akaelewa. Akamsogezea magunzi ya mahindi, akampa na kaa la moto kwenye kifuu. Nilisimama pale kama nusu saa nikimtazama mtoto wa miaka 17 akifanya kazi ambayo darasani hakuna anayemfundisha. Magunzi anayaacha yawake kwanza, moshi uishe, maana moshi mwingi unaitia ngozi masizi. Halafu anailaza ngoma ubavu, uso wake ukiangalia moto kwa mbali, umbali wa mkono mmoja. Anaizungusha polepole. Kila baada ya muda anaipapasa kwa kiganja, na akiona joto limemzidi yeye anajua limeizidi na ngozi. Kisha anagonga kwa vidole viwili, si katikati, bali pembezoni, karibu na vigingi vilivyoishika ngozi, akiinamisha sikio. Pembeni pakijibu sawa pande zote, katikati patajibu penyewe. Alirudia hivyo kwa ngoma zote tatu, ile ndogo akaimaliza mwisho kwa sababu, alivyoniambia, ngozi nyembamba inapoa haraka. Darasani huyu anapata alama za chini karibu kila somo, na mimi ni mmoja wa wanaomwandikia "ongeza bidii".

Saa tano tukaitwa. Mratibu akatupanga: wachezaji wote watazame meza kuu, wapiga ngoma wakae kushoto, nyuma ya kamba, ili wasiwazibe majaji. Dakika 8.

Kwetu ngoma hii ni ya duara. Wachezaji wanazunguka, ngoma ziko ukingoni, na kiongozi akitaka kugeuza mwendo anapiga mguu wa kulia chini mara mbili. Mpigaji anauona ule mguu, anageuza. Hakuna anayemwambia mwenzake neno. Chini ya mipaini walikuwa wamefanya hivyo mara mia. Pale uwanjani duara likanyooshwa likawa mstari, migongo ya wachezaji ikawa upande wa ngoma, na sketi za kaniki zikamziba kabisa mpigaji. Nilimwona akinyoosha shingo. Kiongozi akapiga mguu mara mbili, mpigaji hakuuona, mwendo ukaendelea uleule. Wengine wakageuka, wengine hawakugeuka. Binti mmoja akatazama nyuma kumtafuta mpigaji, na wa pembeni yake naye akatazama nyuma. Walijipanga tena baada ya sekunde chache, wakamaliza vizuri, watu wakapiga makofi. Ila mtoto alipotoka pale jasho lilikuwa linamtoka na mikono inamtetemeka, akakaa chini ya mti akaikumbatia ngoma yake.

"Madamu, sikuiona miguu," akasema. Hilo tu.

Sitaki kuwalaumu majaji kupita kiasi. Tamasha lina shule nyingi, siku ni fupi, na mtu lazima aone ndipo atoe alama. Na si kila ngoma inaumizwa na mstari. Baada yetu waliingia wavulana kutoka upande wa Ludewa, mwambao wa Ziwa Nyasa, na Mganda wao: kaptula nyeupe, soksi ndefu, vikoko vya kupuliza mdomoni, mistari iliyonyooka kama rula. Mganda umetokana na beni, na beni iliiga bendi za kijeshi, ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Umezaliwa kwenye gwaride. Ukiuweka mbele ya meza kuu uko nyumbani kwake, na wale wavulana waliupiga hadi mgeni rasmi akasimama. Nilifurahi nao kwa moyo wote. Lakini nilijiuliza kwa nini kipimo kilichoumbwa kwa gwaride kinatumika kuipima ngoma iliyoumbwa kwa kutazamana.

Na ngonjera, kumbe, ni hivyohivyo. Alasiri watoto wangu walisimama kwenye mstari, upande mmoja kushoto na mwingine kulia kwa kipaza sauti, wote wakiangalia meza kuu. Mvulana anamwambia binti "wewe usiyejua", lakini macho yake yako kwa jaji wa katikati. Binti anamjibu, naye anamjibu jaji. Mimi ndiye niliyewapanga hivyo. Miaka 9 nawapanga wanafunzi hivyo, na sijawahi kuona kwamba hawa ni watu wawili wanaogombana bila kutazamana. Walifika kwenye ubeti wangu, wakausema kwa sauti moja, ubishi wakauzima. Binti aliusema kama wengine. Midomo yake ilitembea. Makofi yakawa makubwa, nami sikuyafurahia.

Karatasi za majaji tulipewa jioni. Kwenye ngoma: "Wachezaji wanatazama nyuma. Muda umezidi kwa sekunde 40." Kwenye ngonjera: "Ujumbe mzuri, hitimisho zuri."

Usiku wanafunzi walilala madarasani, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini, wasichana jengo la juu na wavulana la chini. Tulikula ugali na maharage. Mimi nilikuwa wa zamu, na taa zilitakiwa kuzimwa saa nne. Saa tatu na nusu nikachukua tochi nikaanza kuzunguka. Iringa usiku wa Juni ina baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa, nilikuwa nimejifunga vitenge viwili juu ya sweta.

Nikasikia ndoo.

Sauti ilitoka bwalo la chakula. Ngoma zote zilikuwa zimefungiwa stoo, kwa hiyo mpiga ngoma wetu alikuwa amechukua ndoo ya plastiki, ameigeuza, ameiweka kati ya magoti. Nikasogea dirishani, nikazima tochi. Walikuwa watoto wa shule kama nne au tano, wavulana na wasichana, walimu wawili wamekaa pembeni na vikombe vya chai. Katikati, duara. Wetu walikuwa wanacheza ngoma ileile ya asubuhi, sasa wakiwa na masweta ya shule na kandambili, na mpigaji alikuwa ameinamisha kichwa akitazama chini tu, miguu. Kiongozi akapiga mguu mara mbili. Ndoo ikageuka palepale. Bwalo zima likapiga yowe.

Wakarudia tena na tena ule mgeuko, kwa raha ya kuupata. Kisha wale wa Mganda wakaingia, hawana vikoko, wakaviiga kwa midomo na viganja, na mabinti wa kutoka Tukuyu wakawafuata nyuma wakiharibu mistari makusudi, wakicheka hadi wengine wakakaa chini. Halafu mabinti hao wakafundisha wimbo wa Kinyakyusa, mstari kwa mstari, wakiwasahihisha wenzao matamshi kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Mvulana mmoja wa Mufindi alishindwa neno moja mara sita na hawakumwachia.

Saa nne ikapita. Sikuingia. Wale walimu wawili waliniona dirishani, mmoja akaninyooshea kikombe nikaribie. Nikatikisa kichwa. Nilijua nikiingia watoto watanyooka.

Mtu mmoja akasema, ngonjera! Wakamsukuma yule mvulana wetu katikati, akamtafuta binti kwa macho, naye akatoka kwenye kona alikokuwa amejifunika shuka. Safari hii walisimama uso kwa uso, hatua mbili kati yao. Mvulana akaanza na Lugalo, kwa sauti ndogo, ya mtu anayezungumza na mtu. Alipomaliza, binti hakusema ubeti tulioufanyia mazoezi. Alisema huu, na mwanzoni nilidhani amesahau:

*Wamsifu wa Kalenga, shujaa alosimama,*
*Ni nani kabeba janga, si mama aliyehama?*
*Mahindi yangali changa, wakayachoma mazima,*
*Mkono sitakuunga, hata ukisema vema.*

Kimya. Hata aliyekuwa anachezea ndoo akaacha. Mvulana akafungua mdomo, akaufunga. Akasema, bila mizani wala vina, "Lakini kama asingepigana, leo wewe na mimi tungekuwa tunajivunia nini?"

Binti akamtazama. "Sijui. Bibi yangu hakuniambia amejivunia. Aliniambia walikuwa na njaa."

Hapo bwalo likalipuka, huyu anamuunga mvulana, yule anamuunga binti, msichana wa Tukuyu anasema na kwao vita vya Wajerumani vinasimuliwa hivyohivyo, mmoja anauliza kwani ni lazima uchague. Walibishana hadi saa tano na robo. Hakuna aliyekubali. Ubeti wangu hakuna aliyeukumbuka.

Jumamosi na leo zimepita haraka. Maigizo, kwaya, hotuba ya mgeni rasmi iliyokuwa ndefu. Leo alfajiri tuliwapeleka Gangilonga kabla ya kuondoka, wakapanda jiwe, wakauona mji wote chini. Niliwaambia jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, wakaweka masikio juu ya mwamba, wote kwa wakati mmoja, wakaniambia ninyamaze.

Kwenye kosta niligundua ile ndoo. Mpiga ngoma alikuwa ameipakata. Akasema mama wa jikoni amempa. Nitampigia simu mwalimu mwenyeji kesho kuhakikisha, na kama ni ya shule tutairudisha.

Ijumaa ijayo wataonyesha mbele ya shule nzima. Nimewaambia hatutatumia jukwaa la paredi, tutakaa chini ya mipaini, wanafunzi wote pande zote. Mpiga ngoma ameniuliza yeye akae wapi, nikamwambia achague. Na kwenye faili la ngonjera nimeuchana ukurasa wa mwisho.

Tulipokuwa tunashuka shuleni leo, mabegi yanateremshwa, mvulana wa Lugalo alinifuata na daftari. Safari nzima kutoka Iringa alikuwa anaandika akifuta. Anataka kumjibu binti, ubeti kwa ubeti, kwa vina vilevile alivyotumia yeye. Mistari mitatu anayo. Wa nne umemkwamia.

"Madamu, nipe neno linaloishia na *nga*."

Nikampa *mchanga*. Nikampa *kupanga*, *kulinga*, *mzinga*.

Akayaandika yote pembeni mwa ukurasa, akayatazama, akasema hayatoshi.